Kuinua Mizigo Mbozi: Kutoka Mtarimbo Hadi Gari la Winchi

Mhariri ameniandikia mara mbili akinitaka nitoe makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili la wanafunzi wa zamani, na mara mbili nimemjibu kwamba mimi si mwanahistoria. Mimi ni fundi wa winchi niliyestaafu, na kalamu niliiacha darasani mwaka 1979. Safari ya tatu nimeshindwa kumkatalia, kwa sababu ya jambo lililotokea siku ya mkutano wetu uliopita. Waliohudhuria watakumbuka kwamba asubuhi ile, kabla hata chai haijagawiwa, liliingia gari la winchi likiwa limebeba vipande vya mnara wa chuma wa kuwekea tangi la maji. Wanafunzi waliacha mafagio yao wakalizunguka. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili akanijia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, eti gari la namna hii lilianza kuja huku kwetu lini? Na kabla halijaja mlikuwa mnainuaje vitu vizito?"

Nilimjibu ovyo ovyo kwa sababu ya mngurumo wa injini. Jibu kamili ndilo hili, na wakubwa wenzangu wanivumilie pale ninapoeleza mambo wanayoyajua.

Nimezaliwa Igamba, katika wilaya ya Mbozi, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya na tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Mtu wa Mbozi akitaka kusimulia habari za vitu vizito hana budi kuanzia Ndolezi, kwenye Kimondo. Wenyeji walikijua kitu kile tangu enzi za mababu. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja, W. H. Nott, ndiye aliyekitangaza kwa walimwengu. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, asilimia 90 ni chuma chenyewe na karibu asilimia 9 ni nikeli. Uzito wake hutajwa kuwa tani 12, na wengine husema 16. Tuchukue hizo 12. Ni sawa na magunia 120 ya kilo mia mia, nayo yote yamejibana mahali pasipozidi ukubwa wa kitanda.

Kimondo hapo mwanzo kilikuwa kimezama nusu ardhini. Leo ukienda unakikuta kimekaa juu ya nguzo, unaweza kukizunguka na hata kuchungulia chini yake. Wageni wengi huuliza ni winchi gani iliyokipandisha. Hakuna winchi. Walichimba udongo pande zote wakaacha nguzo ya udongo katikati, ile ile ambayo Kimondo kilikuwa kimeikalia, kisha wakaiimarisha nguzo hiyo kwa zege. Hawakukiinua Kimondo, waliishusha ardhi. Mimi nilikwenda pale na wenzangu wa shule ya msingi nikatazama kile chuma, nguzo sikuitazama kabisa. Ilinichukua miaka mingi, na kosa moja kubwa ambalo nitalieleza, kurudi na kuitazama nguzo.

Wazee wetu nao walifanya kazi kwa akili ya namna hiyo hiyo. Vifaa vyao vilikuwa mtarimbo, gogo, kamba na mawe. Jiwe la kusagia likihamishwa, au gogo la mti uliokatwa msituni, lilisukumwa kwa mtarimbo kidogo, likatiwa jiwe chini, likasukumwa tena, likatiwa jiwe jingine. Hapakuwa na haraka. Kila hatua mzigo ulikuwa umekaa juu ya kitu kigumu kabla mtu hajaachia mkono.

Haraka ililetwa na barabara. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wa dhuluma, na Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilikuwa vikipitia kusini, ikalazimika kugeuza uso kuja Dar es Salaam. Njia iliyokuwapo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na madereva wa kigeni waliipa jina la Barabara ya Jehanamu. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake ya Fiat yakawa yanapita kwetu usiku na mchana, mafuta yakienda na shaba ikirudi. Sisi watoto wa Igamba tulikuwa tukienda Mlowo kuyatazama kama watu wa pwani wanavyotazama meli.

Mafuta mengi ya mwanzo yalisafirishwa kwa mapipa. Pipa la lita 200 likijaa halipungui sana kilo 180, na niliona watu wawili wakilipandisha juu ya lori kwa kuliviringisha juu ya mbao mbili zilizolazwa mshazari, bila kutoka jasho la kutisha. Kushusha ndiko kulikokuwa na hatari, kwa maana pipa likikuponyoka halikusubiri. Tarehe 2 Septemba 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mapipa yakapungua. Malori hayakupungua.

Lori likipinduka, na yalipinduka mengi, hasa kwenye mteremko wa Senjele, utaratibu ulikuwa huu. Kwanza mzigo wote hushushwa na kuwekwa kando, na mlinzi akalala juu yake. Kisha huchimbwa shimo upande wa magurudumu ili yapate pa kukanyaga. Kamba au waya hufungwa kwenye chasisi na kupitishwa kwenye kapi iliyofungwa kwenye mti, na watu thelathini au arobaini huvuta kwa wimbo. Kazi hiyo iliweza kuchukua siku mbili au tatu, na waya ukikatika ulirudi kama fimbo. Nimemfahamu mzee mmoja aliyepoteza jicho kwa waya wa namna hiyo.

Niliposoma baadaye habari za mashine hizi, nilifurahi kuona kwamba hata huko Marekani zilizaliwa kutokana na adha kama yetu. Mwaka 1916, katika mji wa Chattanooga, fundi wa magari aitwaye Ernest Holmes aliitwa kumsaidia rafiki yake ambaye gari lake lilikuwa limetumbukia katika kijito. Watu wapatao sita walifanya kazi kwa saa nane wakitumia kamba na nguvu za mikono. Holmes akarudi gereji akachukua gari kuukuu la Cadillac la mwaka 1913, akalifunga nguzo tatu, kapi na mnyororo. Hilo ndilo babu wa gari tunaloliita brekidauni. Jaribio la kwanza halikumridhisha, kwani gari lenyewe lilikuwa likiyumba. Ikambidi aongeze miguu ya pembeni ya kulikita chini. Naomba kijana wangu wa Kidato cha Pili aiwekee alama sentensi hiyo.

Wengine walifuata. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la anga la Uingereza lilitumia winchi za Coles zilizofungwa juu ya malori ya Thornycroft kuinulia ndege zilizoanguka. Mwaka 1947 huko Sweden, Eric Sundin, mtu aliyekuwa akitengeneza mbao za kutelezea kwenye theluji, alitoa mkono wa kuinulia unaosukumwa kwa mafuta yenye mgandamizo na kuendeshwa na injini ya lori lenyewe. Kampuni yake iliitwa Hiab, na hadi leo wako mafundi wanaoita mkono wowote wa namna hiyo kwa jina hilo, hata ukiwa umetoka Japani. Wajapani nao, kwa mkono wa kampuni ya Tadano, walitoa winchi yao ya kwanza ya mafuta juu ya lori mwaka 1955. Uwezo wake ulikuwa tani 2 tu.

Kwetu, mashine ya kwanza iliyonifumbua macho haikuwa juu ya lori bali juu ya reli. Ujenzi wa Reli ya Uhuru ulianza Oktoba 1970, na Agosti 1973 reli ilifika Tunduma. Katikati ya mwaka huo tulitoroka shule, nami sioni haya kuliandika kwa kuwa mwalimu aliyetuchapa amekwisha kutusamehe, tukaenda kuwatazama Wachina na Watanzania wakitandika njia. Reli ile ina uzito wa kilo 45 kwa kila mita, yaani kipande cha mita 10 ni kilo 450. Nilikuwa nikitarajia kuona watu mia wakibeba. Badala yake niliona winchi iliyo mbele ya treni ikishusha kipande kizima cha njia, reli mbili zikiwa zimekwisha kufungwa pamoja na mataruma yake. Kikakaa mahali pake, kikafungwa, halafu treni ikasogea mbele juu ya kipande kile kile ilichokilaza. Mashine ilikuwa ikijitengenezea ardhi ya kusimama. Tuta lilikuwa limeshindiliwa muda mrefu kabla winchi haijafika. Wale waliolishindilia hatukuwatazama, kama vile nisivyoitazama nguzo ya Kimondo.

Miaka mitatu baadaye nikaingia shuleni kwetu. Wa rika langu hawajasahau somo la momenti, jinsi mwalimu wa fizikia alivyoweka rula juu ya kifutio, jiwe upande huu na sarafu upande huu, akatuambia tusogeze sarafu hadi jiwe liinuke. Nilipata alama nzuri katika mtihani huo. Kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa.

Mwaka 1981 nilianza kazi ya utingo katika gari la winchi, na baada ya mwaka mmoja na nusu nikakabidhiwa mikono ya kuendeshea. Mwajiri sitamtaja. Nieleze kwanza kazi yenyewe kwa ajili ya wanafunzi. Gari likisimama, dereva huingiza gia maalumu inayochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye pampu. Pampu husukuma mafuta ndani ya silinda, na silinda huinua mkono, huurefusha na kuuzungusha. Kwenye ncha ya mkono kuna kapi, waya na kulabu. Vyote hivyo mtazamaji huviona. Asichokitazama ni miguu, ile miwili au minne inayotolewa pembeni ya gari na kushushwa chini. Miguu isipotolewa hadi mwisho wake, gari zima ni rula iliyowekwa juu ya kifutio chembamba.

Maana momenti ya mwalimu wetu iko pale pale. Mzigo wa tani 3 ulio mita 2 kutoka katikati ya winchi ni momenti ya 6. Ukiupeleka mita 6, tani 1 tu inatosha kuleta momenti hiyo hiyo. Ndiyo sababu winchi iliyoandikwa "tani 3" haiinui tani 3 popote itakapo. Huinua tani 3 karibu na kifua chake, na ikinyoosha mkono wote nguvu zake hubaki za kuinulia kilo mia kadhaa. Hayo yote huandikwa katika jedwali linalobandikwa kwenye mashine. Jedwali la kwetu lilikuwa limefutika, kisha mtu akalipaka rangi ili gari lionekane jipya. Tuliendesha kwa kukariri.

Miaka ile ya mwanzo wa 1980, wenzangu mnajua, vipuri vilikuwa adimu na dizeli ilitafutwa kwa tochi. Waya uliochakaa haukubadilishwa. Ulikatwa pale palipochakaa na kufungwa upya, ukawa mfupi mwaka hadi mwaka. Tulizoea. Naandika neno hilo nikijua uzito wake.

Machi 1984, mvua ikiwa haijakatika kwa siku nne, tuliitwa kwenye njia moja ya shambani isiyo mbali na kwetu Igamba. Lori lililobeba mashine ya kumenyea kahawa lilikuwa limeteleza mtaroni, nasi tulitakiwa kuitoa mashine na kuiweka juu ya lori jingine. Uzito wake tuliukadiria kuwa tani moja na nusu, na baadaye ilithibitika tulikadiria vizuri. Umbali ulikuwa mita nne. Kwa jinsi nilivyokariri, winchi yetu ingeweza kuinua tani mbili katika umbali huo. Hesabu ilikuwa sahihi.

Kwa kawaida tulibeba mbao nne nene za kuweka chini ya miguu. Asubuhi ile mbao mbili tulizitandika chini ya magurudumu ili gari letu litoke kwenye tope, na kwa haraka tukaziacha huko nyuma, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mguu wa kushoto, uliokuwa upande wa nyuma kwenye murram, niliuwekea mbao mbili zilizobaki. Mguu wa kulia ulikuwa karibu na ukingo wa mtaro. Niliukanyaga udongo kwa kisigino nikaona umekaza, nikaushusha mguu juu yake bila kitu. Udongo mwekundu wa Mbozi, anayeulima anajua, unaweza kuwa mgumu kwa juu kama ukoko wa ugali na chini yake ukawa uji.

Mashine iliinuka vizuri. Nilipoizungusha kuelekea upande wa mtaro, uzito wote ukahamia mguu wa kulia, nao ukazama. Haukuzama kwa kishindo. Ulizama kama kidole kinavyozama katika mkate. Gari likainama, na mzigo, kwa kuwa mkono ulikuwa umelala zaidi, ukaenda mbali zaidi kutoka kwenye gari. Umbali ukaongezeka na momenti ikaongezeka, na mimi nikauona ubao wa darasani mbele ya macho yangu kama nilivyouona mwaka 1977. Niliachia waya ili mzigo ushuke. Ulishuka. Lakini utingo wetu alikuwa akiuongoza mzigo kwa mikono yake badala ya kamba, kwa sababu kamba ya kuongozea nilikuwa nimeitumia kufungia turubai.

Alikuwa mwenzetu wa shule hii, madarasa mawili nyuma yangu. Wengi wenu mnamjua na jina lake silitaji, ingawa amenipa ruhusa niandike. Mashine ilimwangukia mguuni. Hatukuwa na winchi ya kuiinulia tena, kwa kuwa yetu ilikuwa imelalia ubavu. Tuliiinua kwa mitarimbo miwili na mawe, wanaume wa kijiji wakija wakikimbia kutoka mashambani, wakisukuma kidogo na kutia jiwe, wakisukuma tena na kutia jiwe. Ilichukua muda wa kama dakika ishirini. Mguu haukukatwa, lakini haukunyoka tena.

Ripoti iliyoandikwa ilisema chanzo ni mvua. Mimi niliitia sahihi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema kwa mdomo, na sasa nasema kwa maandishi, kwamba chanzo hakikuwa mvua. Mvua ilikuwapo kwa siku nne nami nilikuwa naiona. Niliendelea na kazi hiyo miaka mingine 29, na wiki moja tu baada ya ajali ile nilikwenda Ndolezi peke yangu, nikakaa mbele ya Kimondo kutwa nzima nikiangalia ile nguzo.

Siku hizi mambo ni mengine. Barabara kuu ilipata lami tangu miaka ya 1970, na pale Tunduma foleni ya malori huweza kuwa ndefu kuliko macho yanavyofika. Malori yaliyotumika Japani, yenye mkono wa Tadano au Unic nyuma ya kabini, yameenea hadi vijijini. Yanasimika nguzo za umeme, yanashusha makalvati, yanapakia hata mashine za kusaga. Mengi yana jedwali la Kijapani ambalo mwendeshaji hawezi kulisoma, lakini tarakimu ni zile zile kwa kila lugha, na mwenye Kidato cha Pili anaweza kulitafsiri kwa nusu saa. Nimewahi kuwafanyia hivyo vijana watatu wa Mlowo, bure, kwa rangi na brashi, juu ya ubavu wa gari.

Nirudi kwenye siku ya mkutano. Kijana aliyeendesha gari lile lililoleta mnara alitoa miguu hadi mwisho, nami nikampa alama zake moyoni. Mguu mmoja ulikuwa unaelekea kukanyaga mahali palipokuwa choo cha zamani, kile kilichofukiwa mwaka tulipomaliza sisi. Wanafunzi wa sasa hawakijui, na kijana yule angejuaje? Kabla sijafungua mdomo, mwenzetu mwenye mguu usionyooka alikwisha kujikokota hadi pale na fimbo yake, akagonga chini mara tatu, akamwambia mwendeshaji: "Mwanangu, hapa ni shimo. Sogeza gari mita tano." Gari likasogezwa, wavulana wawili wakaleta mbao.

Mnara umesimama na tangi limepanda. Kilichobaki ni bomba kutoka kisimani hadi kwenye tangi, ambalo fundi hajalipwa hata nusu, na mweka hazina anaomba wale walioahidi siku ile, nami nikiwamo, watimize kabla ya muhula ujao kufunguliwa.